Kukutanisha Nyuzi Mbili za Kioo

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Kamati ya Umoja wetu imenitaka nizungumze kwa nusu saa juu ya kazi ninayoifanya serikalini, nami nimeomba ruhusa niipunguze kazi hiyo mpaka ibaki kitu kimoja kinachoenea katika kiganja. Nina sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mtu akipewa nusu saa azungumzie mawasiliano yote, atasema maneno makubwa na wasikilizaji watasinzia, hasa baada ya pilau tuliyokula mchana. Ya pili ni kwamba Umoja wetu umekwisha changa fedha za kuunganisha maktaba, maabara na ofisi ya shule kwa faiba, na mezani kwa Ndugu Katibu yapo makadirio ya bei kutoka kwa wakandarasi wawili. Nimeyasoma. Tofauti kubwa ya bei haiko katika faiba yenyewe wala katika kuchimba mitaro. Iko katika konekta, yaani viunganishi vya kwenye ncha. Mkandarasi mmoja anasema zake ni bora kuliko zote. Mwingine anasema konekta ni konekta. Fedha ni za kwetu, kwa hiyo ni haki tujue tunabishania nini.

Uzi wa faiba wa masafa marefu una unene wa mikroni 125, na mikroni moja ni milimita iliyogawanywa mara elfu. Lakini mwanga haupiti katika unene huo wote. Unapita katika kiini cha katikati chenye upana wa mikroni 9 hivi. Sehemu iliyobaki ni ganda, na kazi yake ni kuuzuia mwanga usitoroke. Unywele mmoja wa kichwani huweza kukizidi kiini hicho mara saba au nane.

Hapo mwanzo tatizo lilikuwa kioo chenyewe. Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham, waliokuwa katika maabara ya Standard Telecommunication Laboratories huko Harlow, Uingereza, waliandika kwamba kioo kikisafishwa hata upotevu wa mwanga ukashuka kufikia desibeli 20 kwa kilomita, kingefaa kubeba simu. Mwaka 1970 Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz wa kampuni ya Corning, Marekani, walikifikia kiwango hicho na kukipita. Kwa wale waliosahau hesabu za kidato cha tano, desibeli 3 maana yake ni kwamba nusu ya mwanga imepotea, na desibeli 10 ni sehemu tisa katika kumi. Siku hizi faiba ya kawaida hupoteza desibeli 0.2 tu kwa kilomita, kwa mwanga wa nanomita 1550. Kao alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2009, mwaka uleule ambao mkongo wa SEACOM ulitua katika pwani yetu.

Kioo kilipokuwa kizuri kiasi hicho, aibu ikahamia kwenye viungo. Fanyeni hesabu wenyewe: konekta moja inayopoteza desibeli 1 imekula mwanga sawa na kilomita 5 za kioo. Unaweza kununua faiba bora duniani, ukaichimbia kutoka mkoa hadi mkoa, na faida yake yote ikaliwa na vipande viwili vya kauri ndani ya kabati.

Mtu atauliza: kwa nini basi tusiziunge nyuzi hizo moja kwa moja kwa kuziyeyusha? Tunafanya hivyo kila panapowezekana. Mashine ya kuunga ina kamera na mota ndogo. Inazitazama nyuzi mbili, inazisogeza mpaka viini vielekeane, kisha inazichoma kwa cheche ya umeme zikawa kitu kimoja. Kiungo hicho aghalabu hupoteza chini ya desibeli 0.1. Lakini hakifunguki. Penye mitambo, penye kupima, penye kubadilisha njia, tunahitaji kiungo cha kuchomeka na kuchomoa kwa mkono, pengine gizani, pengine na fundi aliyepanda ngazi. Na hapo ndipo ugumu ulipo. Mashine inaziona nyuzi mbili inazoziunga. Konekta haioni chochote. Lazima ikutanishe viini viwili visivyojuana, kwa kushika sehemu za nje tu.

Ndugu Mwenyekiti, ukifahamu jambo hilo, historia yote ya ubunifu wa konekta inakuwa wazi. Kiini kimo ndani ya ganda. Ganda limo ndani ya tundu la feruli, ambayo ni pua ndogo ya silinda inayoushika uzi. Feruli imo ndani ya ala inayozikutanisha feruli mbili uso kwa uso. Kila mmoja anamwamini aliye nje yake, na kila mmoja ana kosa lake dogo. Kiini huweza kupotoka kutoka katikati ya uzi. Kiwango cha kimataifa cha faiba ya aina ya G.652 kinaruhusu hadi mikroni 0.6. Tundu la feruli halina budi kuwa pana kidogo kuliko uzi, la sivyo uzi hauingii, na hapo pana nafasi ya kucheza. Tundu lenyewe huenda lisiwe katikati kabisa ya feruli. Makosa hayo matatu hujumlishana, na hayo ni ya upande mmoja tu. Upande wa pili nao unakuja na matatu yake.

Sasa hasara yake. Kwa faiba hii, viini viwili vikipishana kwa mikroni 1, zinapotea desibeli 0.2 hivi. Vikipishana kwa mikroni 2, zinapotea 0.8. Kwa mikroni 3 ni karibu 1.9, yaani zaidi ya theluthi moja ya mwanga. Vijana wa hisabati watakuwa wamekwisha ona kwamba kosa likiongezeka mara mbili hasara inaongezeka mara nne, na kosa likiwa mara tatu hasara ni mara tisa. Nyuzi zikikutana kwa kupinda, digrii 1 tu hula desibeli 0.3 hivi. Kwa sababu hiyo makosa madogo sana yanavumilika bila shida, na makosa ambayo bado ni madogo kwa macho ya fundi seremala ni maangamizi.

Wabunifu wa miaka ya 1970 walijaribu njia nyingi. Katika Bell Laboratories, Marekani, walitengeneza pua za umbo la koni zilizoingia katika kikombe cha koni, kutoka pande mbili. Koni ina akili yake: ukiisukuma, inajiweka katikati yenyewe. Lakini konekta ile haikuwa na kabari ya kuzuia mzunguko, na kila ulipoichomoa na kuirudisha ulipata jibu jingine, maana kosa la upande huu lilikuwa limezungukia kwingine. Wajapani wa NTT, mwishoni mwa miaka hiyo, walileta konekta ya FC yenye feruli ya silinda ya milimita 2.5 na kishikizo kinachoilazimisha kuingia kwa namna ile ile kila mara. Kishikizo kile ni kidogo hata hakionekani vizuri, na kwa maoni yangu ni moja kati ya hatua kubwa kuliko zote, kwa sababu kosa linalokaa mahali pamoja linaweza kutibiwa, na kosa linalozungukazunguka haliwezi.

Ala nayo ina hekima inayostahili kuelezwa polepole. Bomba gumu, ili feruli iingie, lazima liwe pana kuliko feruli, na upana huo ndio unaoleta mchezo. Kwa hiyo walitengeneza ala yenye kipenyo kidogo kuliko feruli, wakaipasua kwa urefu wake wote. Feruli ikiingia, ala inatanuka kidogo na kuibana pande zote. Hakuna nafasi iliyobaki. Feruli mbili zikibanwa na ala moja, mihimili yao inalazimika kulala katika mstari mmoja, hata kama vipenyo vyao vinatofautiana kwa sehemu ndogo ya mikroni. Ni chemchemi iliyojificha katika umbo la bomba.

Kisha ikaja konekta ya SC, ya NTT pia, katika miaka ya 1980. Humo feruli imeachwa ielee ndani ya nyumba yake ya plastiki. Mtu akiuvuta waya, nyumba ndiyo inayovutika. Feruli inabaki pale ilipobanwa na ala. Konekta ya ST ya AT&T, ya wakati huo huo, haikuwa na kinga hiyo, na waliofanya kazi nayo wanajua kwamba waya ukiguswa kwa kiwiko mtambo unaweza kupiga kelele. Konekta ya LC, iliyoletwa na Lucent katika miaka ya 1990, ilipunguza feruli kuwa milimita 1.25 ili ziingie mbili pale ilipoingia moja, lakini kanuni ni ile ile.

Mpaka hapa nimesema juu ya ubavu kwa ubavu. Kuna suala la uso kwa uso. Mwanga ukitoka katika kioo kuingia hewani, karibu asilimia 4 yake hurudi nyuma, na pengo la hewa lina nyuso mbili, kwa hiyo desibeli 0.3 hivi zinakwenda bure. Tena mwanga unaorudi huisumbua leza iliyoutoa. Dawa yake ilikuwa kuisugua ncha ya feruli ikawa na mbinuko mdogo kama kioo cha saa, na kuweka springi yenye nguvu ya nyutoni 10 hivi, hata kioo kikagusa kioo na hewa ikakosa nafasi. Feruli za zirkonia, ambayo ni aina ya kauri, zilisaidia sana hapa, kwa sababu zirkonia husuguliwa karibu sawa na kioo kuliko kauri ngumu zaidi ya alumina iliyotangulia. Baadaye wakaona ni afadhali kuisugua ncha kwa mshazari wa digrii 8, ili mwanga mdogo unaorudi uangukie kwenye ganda na kupotea. Hizi za mshazari huitwa APC na kwa kawaida hupakwa kijani. Zile za mbinuko wa kawaida huitwa UPC nazo ni za buluu.

Naomba mziweke rangi hizo akilini, kwa maana nina kisa. Katika wilaya moja ambayo sitaitaja, njia ya mawasiliano ya ofisi za serikali ilikuwa ikikatika mara kwa mara. Wananchi waliokuja kulipia leseni walirudishwa majumbani, na baadhi yao walikuwa wametoka mbali kwa nauli ya kukopa. Barua ilifika kwetu ikiomba fedha za kununua mitambo mipya ya kurushia mwanga, na mkandarasi aliyeihudumia njia ile, ambaye naye sitamtaja, aliunga mkono kwa maelezo ya kurasa nne. Tulituma fundi mmoja mwenye kipimo. Alikuta kwamba mtu fulani, katika kubadilisha waya ulioharibika, alichomeka konekta ya kijani katika adapta yenye konekta ya buluu upande wa pili. Zinaingia bila kulazimishwa, kwa kuwa feruli ni za kipenyo kimoja. Lakini ncha ya mshazari ikikutana na ncha isiyo na mshazari, zinagusana kwa pembeni, na katikati, mahali pa viini, panabaki hewa. Zaidi ya nusu ya mwanga ilikuwa ikipotea pale. Joto la mchana lilipobadilisha mambo kidogo tu, njia ilikatika. Fundi alibadilisha waya mmoja, na njia ikasimama. Bei ya waya ule haifiki bei ya chakula cha mchana cha kamati iliyokuwa ikiandaliwa kuchunguza mitambo.

Nakisimulia kisa hiki kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo karatasi za bei hazilionyeshi. Konekta ya kijani ilikuwa nzima. Konekta ya buluu ilikuwa nzima. Kila moja ingepimwa peke yake ingefaulu. Kukaa sawa si sifa ya konekta. Ni sifa ya konekta mbili. Basi muuzaji akikuambia konekta yake hupoteza desibeli 0.1, swali la kumwuliza ni: ilipokutana na nani?

Hapa, ndugu zangu mnaoketi katika bodi za zabuni, nawaomba masikio yenu kwa dakika mbili. Viwanda vingi hupima konekta kwa kuikutanisha na waya wa rejea, yaani waya uliochaguliwa kwa uangalifu mkubwa, ambao kiini chake kiko karibu sawa na katikati. Mbele ya mwenzi asiye na kosa, hata konekta ya kawaida hupendeza. Lakini huku kwetu hakuna waya wa rejea kwenye makabati. Konekta ya leo itakutana na iliyofungwa miaka kumi iliyopita na mtu mwingine kutoka kiwanda kingine. Kwa ajili hiyo shirika la viwango la IEC limeweka madaraja yanayopimwa kwa kukutanisha yoyote na yoyote. Daraja B halina budi kuwa na wastani usiozidi desibeli 0.12, na asilimia 97 ya mikutano isizidi 0.25. Daraja C ni wastani wa 0.25, na asilimia 97 isizidi 0.50. Daraja D ni 0.50 na 1.0. Zabuni inayosema tu «konekta za ubora wa juu» haijasema kitu. Zabuni inayosema «Daraja C, yoyote kwa yoyote» imesema kitu kinachoweza kupimwa na kukataliwa.

Je, kiwanda hulifikiaje Daraja B? Baadhi ya watu hudhani ni kwa kutoboa tundu lililo katikati kabisa. Hilo limefanyika kwa kiasi kikubwa, lakini kila sehemu ya mikroni unayoipunguza ni ghali kuliko iliyotangulia. Njia ya werevu zaidi ni kuliacha kosa lilivyo na kulichagulia mahali pa kukaa. Tuseme kiini kimepotoka kwa mikroni 0.7 katika kila konekta. Zikikutana huku kimoja kimepotokea juu na kingine chini, tofauti ni mikroni 1.4, na hasara ni desibeli 0.4. Lakini vyote viwili vikipotokea upande mmoja, viini vinaelekeana na hasara karibu haipo, ingawa hakuna hata kimoja kilicho katikati. Kwa hiyo fundi wa kiwandani hupima kila feruli, akaizungusha ndani ya nyumba yake kwa hatua maalumu, nne au sita kufuatana na aina, mpaka kosa lielekee upande wa kishikizo, kisha huifunga hapo. Huko kunaitwa kurekebisha konekta kwa kuzungusha. Mnaona sasa kwa nini nilikisifu kile kishikizo kidogo cha FC. Bila hicho, kazi hii isingewezekana.

Ziko habari nyingine ambazo nitazipita upesi. Konekta za nyuzi 12 kwa pamoja hazitumii ala. Hutumia pini mbili za chuma za milimita 0.7 zinazoingia katika matundu ya upande wa pili, na nyuzi hupangwa katikati yao kila robo ya milimita. Zipo zenye lenzi, zinazoukuza mwanga kabla ya kuuvusha, ili vumbi na mpishano visidhuru sana. Lakini zinalipia kwa kuwa kali zaidi juu ya kupinda, na majeshi huzipenda. Siku hizi wanatengeneza faiba yenye viini kadhaa katika uzi mmoja, na humo mzunguko wa digrii chache tu unavitenganisha viini vya pembeni. Tatizo la miaka ya 1970 limerudi likiwa limevaa nguo mpya.

Narudi shuleni kwetu. Kutoka ofisini hadi maabara ni chini ya mita 400. Kioo cha umbali huo hupoteza desibeli 0.14 hivi, kwa mwanga wa nanomita 1310. Mchoro wa wakandarasi wote wawili una viungo vinne njiani. Kwa Daraja C, hata tukikadiria vibaya kabisa, viungo hivyo vitapoteza desibeli 2. Vifaa vya gigabiti 10 vya masafa ya kilomita 10 vinakubali upotevu wa desibeli 6 hivi. Kwa hiyo Daraja B ambalo mkandarasi wa kwanza anatuuzia ni anasa kwa shule yetu, ingawa ningelipigania kufa na kupona katika njia ya kutoka mkoa hadi mkoa. Naye mkandarasi wa pili, anayesema konekta ni konekta, hakuandika daraja lolote, wala hakuandika kama ni za kijani au za buluu. Bei yake siikatai. Karatasi yake ndiyo ninayoikataa mpaka aandike.

Ningeomba, kwa ruhusa ya Mwenyekiti, barua iende kwa wote wawili ikitaka mambo haya: Daraja C lililopimwa yoyote kwa yoyote, rangi moja tu katika shule nzima, na mimi napendekeza buluu kwa kuwa waya zake ni rahisi kupata mjini, vipimo vya kila kiungo vikabidhiwe kwa Mkuu wa Shule siku ya kukabidhi kazi, na darubini ya kukagulia ncha, pamoja na vifaa vya kusafishia, vibaki hapa mikononi mwa mwalimu wa fizikia. Hii ya mwisho msiipunguze ili kuokoa fedha. Punje ya vumbi ya mikroni 9 inatosha kuziba kiini chote, na vumbi la hapa kwetu mwezi wa Septemba mnalijua. Kofia ya plastiki inayofunika ncha si pambo. Ikitoka irudishwe, na ncha ifutwe kabla ya kila kuchomeka, hata kama ilifutwa jana. Na vijana, faiba inayofanya kazi haichunguliwi kwa jicho kamwe. Mwanga wake hauonekani, lakini unaweza kuliumiza jicho.

Mezani pale karibu na ubao nimeweka konekta nne ambazo hazijaunganishwa na mtambo wowote, na darubini ndogo. Mbili ni za buluu na mbili ni za kijani. Moja katika hizo nne ni chafu, na sitasema ni ipi. Kidato cha sita waanze, wazee tufuate.